Mwanga Mwekundu Jikoni kwa Nyanya

Wiki jana mwanangu alirudi kutoka shule na kitochi cha leza alichobadilishana na mwenzake kwa kalamu za rangi. Huku Nairobi baridi ya Julai ilikuwa imetukaba, na paka wetu hakutaka kushuka kwenye kochi hata kwa samaki. Mtoto akabonyeza kitochi. Doa jekundu likatua sakafuni, paka akaruka, akalikosa, akazunguka, akagonga kichwa kwenye mguu wa meza. Mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikamnyang'anya kile kitochi kwa ukali ulionishangaza hata mwenyewe.

"Usimmulike mtu machoni! Hata paka!"

"Kwani nimemmulika nani?" akaniuliza.

Nikakitia mfukoni, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Wenzangu wa rika langu mnavikumbuka vitochi hivi vilipoanza kufika Voi. Vilikuwa na umbo la risasi, vinaning'inia kwenye mnyororo wa funguo, na wachuuzi wa stendi waliviuza pamoja na vitana, nyembe na pini za nywele. Betri zake zilikuwa ndogo kama vifungo vya shati. Baba alifanya kazi stesheni ya reli, na siku tuliyofunga shule, nikiwa darasa la tatu, aliniletea kimoja. Akanipa na sharti lake: "Ukimmulika mtu machoni, atapofuka. Unasikia? Atapofuka kabisa." Baba alikuwa Mluhya wa maneno machache, na yale machache hatukuthubutu kuyapuuza.

Likizo hiyo ya Agosti nilipelekwa Mwanda, milimani, kwa wazazi wa mama, kwa sababu mama alikuwa karibu kujifungua na nyumba yetu ya reli ilikuwa chumba kimoja na pazia. Mimi ni mtoto wa Voi. Nilikuwa najua jua, vumbi la mashamba ya mkonge, na kulala bila shuka. Asubuhi ya kwanza kule milimani nilifungua mlango nikakuta hakuna kitu. Hakuna migomba, hakuna choo, hakuna njia. Nilirudi ndani mbio nikipiga kelele kwamba kuna moto mahali, moshi umefika mlangoni.

Nyanya alicheka akashika kiuno. "Wajina," akasema, maana nina jina lake na tuliitana hivyo, "huo ni ukungu. Utauzoea."

Sikuuzoea. Baridi ile iliingia hadi kwenye meno. Msimu huo watu wote waliishi jikoni, kibanda cha udongo kando ya nyumba, kimezunguka mafiga matatu na moto usiozimwa. Nyanya alipikia hapo, Babu alisinzia hapo kwenye kiti chake kifupi, na mimi nilivaa sweta mbili na leso ya Nyanya juu yake. Wa nne wetu alikuwa paka. Nyanya alimwita Diwani, kwa sababu alionekana wakati wa chakula tu, na akishashiba hukumpata tena. Ila kwenye baridi hata Diwani alikuwa mtu wa nyumbani. Alilala karibu na majivu mpaka manyoya yakanuka kuungua, na panya walipita mbele yake akawaangalia kama wageni wa mtu mwingine.

Kitochi ndicho kilichomwamsha. Nilibonyeza, doa likatambaa ukutani, na lile jipaka zembe likaruka kama limemwagiwa maji. Alipanda juu ya magunia, akaangukia kwenye uteo wa unga, akatoka mweupe. Nyanya alinifokea, kisha akacheka, kisha akanifokea tena. Babu naye alicheka, lakini nikaona kwamba anacheka akiangalia upande ambao Diwani hayuko. Baada ya mchezo, nilipozima, paka alibaki ameukodolea macho ukuta. Alinusa pale doa lilipokuwa. Alichungulia nyuma ya kiti cha Babu. Nilimwonea huruma, lakini si ya kunizuia kubonyeza tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama macho ya Babu. Katikati, palipotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe. Akipewa chai alitanguliza mkono hewani, akapapasa, akakikosa kikombe.

"Moshi wa kuni hizi mbichi," alisema kila mara.

"Kuni ni kavu," Nyanya alijibu kila mara.

Halafu walianza kugombana, na waligombana kwa Kidawida, lugha ya kwao, na mimi wa Voi nikawa naokota neno moja moja. Niliokota hospitali. Niliokota jicho. Niliokota jina la mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde, ambaye nilimwona kanisani na shimo lililoshonwa mahali pa jicho. Siku moja Babu alimaliza ugomvi kwa Kiswahili, labda ili na mimi nisikie: "Wakinitoa jicho, utanipa lako?" Nyanya akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Leo najua ule ulikuwa mtoto wa jicho, tena kwenye macho yote mawili, na kwamba Nyanya alikuwa amemsihi miaka miwili. Wakati ule nilijua jambo jingine, na nililijua kwa uhakika wote wa darasa la tatu. Weupe uliokuwa machoni mwa Babu nilikuwa nimeuona nje, mlangoni, kila asubuhi. Kwa hiyo ukungu ulikuwa umemwingia. Amekaa nao miaka yote hiyo, macho wazi, ungekosaje kuingia? Nilishangaa watu wazima hawalioni jambo jepesi hivyo, wanabishana kuhusu kuni. Kwa siku mbili nilikwenda mtoni nimefumba macho nusu ili na mimi nisije nikauchukua, nikajikwaa, nikamwaga ndoo nzima, Nyanya akaniuliza kama nina kipele cha jicho.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa mlangoni namchokoza Diwani. Nilielekeza kitochi nje, nikabonyeza, na kwa mara ya kwanza nikauona mwanga wenyewe. Kule Voi unaona doa tu, mwisho wa safari. Pale kwenye ukungu niliona uzi mwekundu, umenyooka, umetoka mkononi mwangu ukapita katikati ya ule weupe mpaka kwenye shina la mgomba ambao sikujua kama upo. Kitochi changu kilikuwa kinatoboa ukungu!

Mnanielewa nilifikiria nini. Na msidhani nilisahau sharti la baba. Nililipima vizuri sana. Baba alisema mtu akimulikwa atapofuka, lakini baba hakuwa anamfahamu mtu mwenye ukungu. Kwa mtu kama Babu, mwanga utaliwa na ukungu kwanza, na mimi nitazima kabla haujafika kwenye jicho lenyewe. Nilipanga kuhesabu hadi kumi kila jicho.

Mchana huo Nyanya alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Babu alikuwa amesinzia kwenye kiti, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi, na macho yake, kama kawaida yake akisinzia, hayakufumba sawasawa. Nilipiga magoti mbele yake. Nilianza na jicho la kushoto. Wekundu ulienea ndani ya ule weupe, jicho zima likawaka. Nilihesabu kumi. Nikahamia la kulia, nikafika sita.

"Bwana wangu!" Babu alipaza sauti, akainuka, mikono juu.

Nilijirusha nyuma ya magunia. Babu alisimama katikati ya kibanda, akageuka huku na huku.

"Nani yuko hapa?"

Ningejibu. Kila nikikumbuka nasema ningejibu tu, ni neno moja. Sikujibu. Diwani alilia mahali karibu na moto, Babu akasema polepole, "Ni wewe tu, Diwani?" Kisha akashuka chini, magoti kwenye majivu, mzee mzima, akaanza kulia na kusema maneno ya Kidawida ambayo sikuweza kuokota hata moja.

Siku zilizofuata nilikuwa mgonjwa bila ugonjwa. Nilimfuata Babu kila mahali kwa macho, na kila nilichokiona kilinimaliza. Alikosa mlango akashika ukuta. Alimwita Nyanya kumbe anaongea na nguo kwenye kamba. Alihesabu hatua kwenda chooni, midomo inacheza. Labda siku zote alikuwa akifanya hivyo, na mimi sikuwa nimeangalia. Lakini mimi nilisema ndani yangu: baba aliniambia. Atapofuka kabisa, baba aliniambia. Kimanga alichokipenda Nyanya kunipikia, mihogo na maharage vimepondwa pamoja, nilikirudisha sufuriani.

Jumapili Babu akasimama kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, kusimama halikuwa jambo geni, lakini safari hii aliomba ashikwe mkono mpaka mbele.

"Ndugu zangu," alisema, "nimewadanganya. Nimesema moshi, nimesema ukungu, nimesema usingizi. Mimi sioni. Mwaka wa pili huu sioni hata uso wa mke wangu."

Nyanya alikuwa amejifunika mdomo na ncha ya leso.

"Lakini juzi nimekaa jikoni peke yangu, na haya macho yasiyoona kikombe yameona mwanga. Mwekundu. Umeingia huku, ukaingia na huku. Nikauliza nani yuko hapa, hakuna mtu. Nani anawasha mwanga ndani ya jicho la kipofu? Nimeelewa. Naambiwa jicho bado liko hai, niache woga. Nakwenda kupasuliwa."

Watu waliruka. Walipiga vigelegele, wakaimba, mama mmoja karibu yangu akanikumbatia huku akilia, akisema nina bahati kuwa mjukuu wa mtu kama yule. Mimi nilikuwa nabana mkojo. Nilichokielewa ni nusu tu: Babu hajanijua. Nusu nyingine ilinishinda. Kama nilimpofusha, mbona anashukuru? Kama nimemsaidia, mbona najisikia kama mwizi? Na kama Mungu ndiye aliyefanya, mimi nilikuwa nafanya nini pale na kitochi?

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni mwa jikoni Nyanya alipotoa kitu kwenye mfuko wa sweta yangu. Alikigeuza. Alikuwa ameona doa lile ukutani mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kumwachia akishike chenyewe. Akapata kitufe, akabonyeza. Doa likatua kwenye ukuta, Diwani akaruka kutoka kwenye majivu. Nyanya akaliangalia doa. Akakiangalia kiti cha Babu. Kisha akaniangalia mimi, na maharage yakaniponyoka mikononi.

Huyu ni Nyanya aliyenichapa kwa kusema sijalamba sukari, na alikuwa ameona chembe moja tu kwenye shavu. Nilisubiri. Nilitaka hata anichape, angalau ningejua nimefanya nini. Akaondoka na kitochi mkononi, nikamsikia akifungua mlango wa choo cha shimo, nikasikia akiufunga. Alirudi akaingiza mikono kwenye povu.

"Babu yako anakwenda hospitali Alhamisi," akasema. "Nipe hiyo soksi."

Hivyo tu. Sikuchapwa siku ile wala nyingine.

Walimpasua jicho la kushoto. Alirudi na bandeji, na ilipotolewa akawa mtu wa kuchekesha. Alisimama dakika nzima akiangalia siafu. Alimwinua Diwani hadi puani akasema, "Kumbe huyu paka ni mzee hivi!" Alimwangalia Nyanya kwa muda mrefu sana, akamuuliza, "Umezeeka lini?"

"Ulipokuwa ukisema moshi," Nyanya akamjibu.

Mimi alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema nimefanana na watu wa reli. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Nyanya akaniita nikachukue kuni.

Hapa ingeisha vizuri, na ndivyo mama anavyoisimulia. Lakini lilibaki jicho la kulia. Daktari alimwambia arudi baada ya miezi michache, na Babu akagoma. Hakugoma kwa woga tena. Alisema aliyemwambia la kwanza atamwambia la pili, na yeye hawezi kumtangulia Mungu. Kila siku, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye kiti chake akangoja mwanga. Mchungaji alimbembeleza, akashindwa. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita. Jicho moja halimtoshi mtu wa mashamba ya ngazi kama yale ya mlimani. Alikosa kipimo cha ngazi akaanguka, akaumia goti. Na daktari alikuwa ameonya kwamba jicho likikaa sana hivyo linaweza kuharibika lisitengenezeke tena.

Tulipokaribia kufunga shule, Agosti nyingine, Nyanya alishuka Voi kumwona yule mtoto aliyezaliwa mwaka uliopita. Alikaa nje na mimi, tunachagua mawe kwenye mchele. Hakuinua uso.

"Wajina. Kile kidude, bado wanauza hapa?"

Nilidhani ni mtego. "Si ulikitupa?"

"Nimekuuliza kama wanauza."

"Wanauza."

Alifungua fundo la leso yake, akatoa noti iliyokunjwa, akaiweka juu ya mchele. Tuliendelea kuchagua mawe. Nilitaka kumuuliza kama hii siyo dhambi, na kama siyo, ile ya sukari ilikuwa nini. Nilimwangalia usoni nikaona amechoka, nikaichukua noti.

Mwanda ilikuwa kama nilivyoiacha, nyeupe na baridi. Siku ya pili baada ya chakula Nyanya alisema kwa sauti kubwa kwamba anakwenda mkutano wa akina mama. Haikuwa siku ya mkutano. Alipita karibu yangu bila kuniangalia, akaufunga mlango nyuma yake.

Babu alisinzia. Sikuamini tena habari za ukungu kumwingia mtu machoni. Nilikuwa darasa la nne, mwalimu ametueleza mvuke. Kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kujidanganya. Nilijua nakwenda kumdanganya mzee, na nilijua nisipomdanganya atapoteza jicho. Nilijua pia alivyosema baba, na hilo bado lilinitisha kuliko yote. Nilipiga magoti. Nikaelekeza kitochi kwenye jicho la kulia, lile jeupe. Kidole kikakataa.

Jicho la kushoto likafunguka.

Likaniona. Liliniona vizuri, lilikuwa jicho zima, limepasuliwa na daktari. Liliangalia uso wangu, likashuka kwenye mkono wangu, likakaa hapo kwenye kitochi. Sikuwa na magunia ya kujificha. Nilisikia machozi yanashuka na sikuweza kusogeza hata goti.

Babu alivua kofia yake ya sufi akaiweka mapajani, akanyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha. Kisha akalifumba lile jicho zuri, taratibu, akaniinulia uso na lile jeupe likiwa wazi.

Nikabonyeza. Sikuhesabu hata tatu, nikazima.

"Asante," akasema. Mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani.

Jumapili alikwenda mbele mwenyewe, bila kushikwa mkono, akasema mwanga umekuja tena na jicho la pili litapasuliwa wiki hiyo hiyo. Watu walipiga vigelegele. Nyanya aliitikia amina kabla ya mtu mwingine yeyote, na mimi kando yake nikaitikia pia, kwa nguvu, huku sijui naitikia nini.